Baraza la mtandaoni: lifunguliwe saa ngapi, na seva ikae wapi?

SWALI: Mwalimu, assalaam aleikum. Sisi ni vijana watatu wa Majengo, Mombasa. Kwa miezi minane tumekuwa tukitengeneza mchezo wa kuchezea kwenye kivinjari, bila kupakua chochote. Mtu anaingia, anamvisha mhusika wake, anatembea mtaani, anakaa barazani, anapiga soga, anacheza bao, dhumna au karata na yeyote aliyepo. Tunataka kuufungua Ramadhani ijayo. Tulipowaalika jamaa arobaini waujaribu, wahusika walianza kurukaruka, simu zikapata moto, na mmoja akalalamika kwamba bando lake liliisha kabla ya saa moja kupita. Seva yetu, yaani kompyuta inayouendesha mchezo, iko Frankfurt, Ujerumani. Je, tuihamishe? Na kuna lolote tunalolisahau? (Msomaji, Majengo)

JIBU: Waaleikum salaam. Niliufungua mchezo wenu Jumanne asubuhi kwa ile simu yangu ya majaribio: ya zamani, kumbukumbu gigabaiti 2, kioo kina ufa pembeni. Nikavaa kanzu, nikashuka mtaani, nikakaa barazani mbele ya dele la kahawa mlilolichora vizuri hata nikatamani kikombe. Nikakaa nusu saa. Hakuja mtu. Nikatembea hadi mwisho wa mtaa, nikarudi, nikakaa tena. Hilo hamkuliuliza, lakini nitalirudia, kwa sababu kwangu mimi linazidi yote mliyouliza.

Frankfurt kwanza. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Frankfurt, kupitia Bahari ya Shamu na Misri, tuseme waya una kilomita 9,000. Kwenda na kurudi ni 18,000, yaani milisekunde 90, na hapo hakuna mtambo wowote uliokwisha kuugusa ujumbe wenu. Ongezeni ruta za njiani, mnara wa simu na msongamano wa jioni, mtafika 150 na zaidi. Nairobi ni kama kilomita 500 kwa barabara. Hesabu ileile inatoa milisekunde 5.

Kinachonichekesha ni kwamba sisi tunakaa mlangoni kabisa. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, LION2 ikaja Nyali 2012. Halafu kijana wa Majengo akimwambia mwenzake wa Kisauni “haya, zamu yako”, neno hilo linateremka baharini, linakwenda Ujerumani, linageuka, linarudi hapahapa kisiwani kabla ya kuvuka daraja la Nyali. Ndiyo, ihamisheni. Vituo vya data vipo Nairobi na hata hapa Mombasa, na KIXP, yaani soko ambapo mitandao ya Kenya hubadilishana mizigo yake bila kuitoa nje ya nchi, lina tawi hapa kwetu pia. Seva ndogo ya kukodi Nairobi itawatosha kwa mwaka wa kwanza.

Ila msiamini ramani. Seva kuwa nchini hakumaanishi kwamba ujumbe utabaki nchini. Mitandao miwili huweza kukutana mbali kuliko mnavyodhani, kwa sababu za mikataba yao wenyewe. Nunueni laini ya kila mtandao wa simu unaotumika hapa, pimeni kutoka kila laini kwa traceroute, programu inayoonyesha njia ambayo ujumbe umepita, mara moja mchana na mara moja saa tatu usiku, ndipo mlipie mwaka mzima.

Na faida ya pili ya kuwa karibu haihusu kasi. Mnakumbuka Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikawa ya kuomba dua? Mchezo uliokuwa na seva nchini ungeendelea usiku ule. Lakini wenu usingeendelea hata ungekuwa Nairobi, kwa sababu nimeona mnaita fonti, yaani maumbo ya herufi zenu, kutoka seva ya ng’ambo, na maktaba ya kuchorea, yaani programu ya kuchora iliyoandikwa tayari, kutoka seva nyingine ya ng’ambo, na mtu hawezi kuingia bila akaunti ya kampuni ya Marekani. Kimoja kikikwama, skrini inabaki nyeupe. Faili zote zinazohitajika kuanzisha mchezo ziwekeni kwenye seva yenu. Na mruhusu mgeni aingie kwa jina tu. Akaunti ataifungua akishanogewa.

Sasa kurukaruka. Hilo Ujerumani haihusiki nalo sana. Nilichungulia mazungumzo kati ya kivinjari na seva yenu, nikakuta kwamba mara 20 kila sekunde seva inampelekea kila mchezaji orodha ya watu wote waliomo: jina, kanzu, kofia, viatu, mahali alipo, anatazama wapi. Kila mtu anachukua kama baiti 80. Pigeni hesabu pamoja nami. Watu 40 mara baiti 80 ni 3,200. Mara 20 kwa sekunde ni 64,000. Kwa saa moja ni megabaiti 230, kwa kukaa barazani na kunywa kahawa ya kuchora. Jamaa yenu hakudanganya kuhusu bando. Na moto wa simu unatoka hapohapo: kichakataji cha simu ya bei nafuu kinafumua JSON yote hiyo, yaani orodha iliyotumwa kama maandishi, mara 20 kwa sekunde, kisha kinagundua kwamba watu 35 kati ya 40 wamekaa kitako na hawajasogea hata kidogo.

Kofia ya mtu haibadiliki kila sekunde. Itumeni mara moja, anapoingia. Baada ya hapo mpeni kila mmoja namba fupi, na tumeni habari za aliyesogea peke yake: namba yake, mahali alipofika, upande anaotazama. Baiti 7 zinatosha. Tena mara 5 kwa sekunde, siyo 20. Watu watano wakitembea kwa pamoja ni baiti 35. Vifungashio vya mtandao, ambavyo havikwepeki, ni kama baiti 70 kwa kila ujumbe. Jumla 105, mara 5, ni baiti 525 kwa sekunde. Kwa saa moja hazifiki megabaiti 2. Kutoka 230 hadi 2 bila kubadilisha mchoro hata mmoja.

Mtaniuliza, mara 5 kwa sekunde si watu watatembea kama wanasesere? Hapana, ikiwa simu itaonyesha dunia ikiwa nyuma ya seva kwa robo sekunde, makusudi. Hivyo kila wakati inajua mhusika alikuwa wapi na amefika wapi, nayo inajaza hatua za katikati yenyewe. Robo sekunde hakuna atakayeitambua barazani. Mngekuwa mnatengeneza mchezo wa kupigana risasi ningewapa ushauri mwingine, lakini hamtengenezi huo, na mshukuruni Mungu.

Kuna sababu nyingine ya kuruka, na hii mtaiona sana kwenye mtandao wa simu. WebSocket mnayoitumia, ile njia ya mazungumzo kati ya kivinjari na seva, inapita juu ya TCP, yaani kanuni ya kusafirisha data kwa vipande viitwavyo pakiti, na TCP hailegezi kamba kuhusu utaratibu. Pakiti moja ikipotea njiani, zote zilizo nyuma yake husubiri hadi ile irudiwe, hata kama zimeshafika kwenye simu. Ni kama feri ya Likoni: gari moja likizimika kwenye ngazi ya kushukia, lori zima la mboga nyuma yake halina la kufanya. Likiondolewa, wote wanamwagika kwa pamoja. Ndiyo maana mhusika anasimama, kisha anaruka hatua kumi. Dawa ni ileile: meseji chache, ndogo. Msikimbilie WebRTC, njia nyingine ya kivinjari ya kusafirisha data, kwa ajili hii; mtaongeza kazi ya miezi mitatu kwa faida ambayo mcheza bao haitaki.

Na bao lenyewe, wallahi, limeumbwa kwa mtandao mbovu. Hamna haja ya kutuma kete 64 zinavyotembea. Mchezaji anachagua shimo na upande, kushoto au kulia. Mashimo yake ni 16, kwa hiyo machaguo hayazidi 32, ukiacha uamuzi wa nyumba, lile shimo maalumu la bao, kuchezwa au kusimama. Habari yote hiyo inakaa ndani ya baiti moja. Seva inahakiki kama hatua inafaa, inaitangaza, na kila simu inasambaza kete kivyake kwa kanuni zilezile, pole pole, na sauti ya kete ikidondoka. Hata milisekunde 800 zikipotea njiani, mpinzani anafikiri tu kwamba mwenzake anawaza.

Lakini chungeni kitu kimoja, maana kimenigharimu usiku wa kulala. Bao la Kiswahili lina hatua ambazo kete zikianza kuzunguka hazisimami kabisa. Binadamu akiiona kwenye bao la mbao, watu wanacheka, wanaamua. Seva haicheki. Inazunguka, inazunguka, na wachezaji wengine wote waliomo wanaganda. Wekeni kikomo cha mizunguko, na amueni mapema, kwa kuwauliza wazee wanaolijua, nani anahesabiwa nini hatua ikifika hapo. Huo si uamuzi wa mtengeneza programu.

Kuhusu dhumna na karata, neno moja. Kete za dhumna ni 28, wachezaji wanne, saba saba. Kwa sasa mnazituma zote 28 kwa kila simu, halafu mnazificha kwa picha ya mgongo. Kijana yeyote wa chuo mwenye kompyuta atafungua zana za kivinjari na kusoma mkono wa kila mtu. Kila simu ipelekewe saba zake peke yake. Hilo ni la wiki hii, kabla ya mengine yote.

Nije kwenye mambo ya vivinjari, nayapitia haraka. Opera Mini ikiwa katika hali yake ya kubana data sana, ukurasa huchorwa kwenye seva zao na kuletwa kama picha iliyoandaliwa, kwa hiyo mchezo hautafanya kazi. Mwonyesheni mtu huyo ujumbe wa Kiswahili unaomweleza, msimwachie skrini nyeupe. Linki ikifunguliwa ndani ya Facebook au Instagram, inafunguka kwenye kijivinjari cha humo humo, na mgeni aliyejisajili humo akija kesho kwa Chrome hatakikuta kikoi chake. Safari, kivinjari cha iPhone, hufuta kumbukumbu zilizowekwa na ukurasa ambao mtu hakuutumia kwa siku saba. Kwa hiyo msihifadhi kitu cha thamani kwenye simu ya mchezaji. Na ile picha moja kubwa yenye mavazi yote: faili lake ni dogo, kilobaiti mia tatu hivi, mkajipongeza. Ikifunguliwa ni 2048 kwa 2048, baiti nne kwa kila nukta, megabaiti 16 za kumbukumbu ya simu. Mnazo sita za namna hiyo. Simu yangu ilifunga kivinjari mara mbili.

Halafu kuna kukatika. Mchezaji wenu yuko kwenye matatu ya Bamburi, yuko kwenye feri akitoka mnara wa kisiwani kwenda mnara wa Likoni, au amepigiwa simu na mamake. Kivinjari kikienda nyuma ya programu nyingine, simu hukilaza. Kwa sasa mchezo wenu unamtoa mtu papo hapo, mhusika anatoweka katikati ya sentensi na bao linahesabiwa kushindwa. Nani anayefanyiwa hivyo barazani? Mtu akiinuka kwenda kupokea simu, nafasi yake inabaki na kikombe chake kinabaki. Mwacheni akae akiwa amesinzia kwa dakika mbili, kichwa kimeinama, na akirudi aendelee alipoachia kwa tokeni, yaani namba ya siri ya kumtambua, aliyopewa alipoingia. Seva na simu zipeane ishara kila sekunde 25 hivi, ili mitambo ya katikati isidhani kwamba njia imeachwa.

Haya, turudi kwenye nusu saa yangu ya upweke.

Mwaka 2011, Septemba 27, kampuni ya Tiny Speck ilifungua mchezo wa kivinjari ulioitwa Glitch. Mkuu wao alikuwa Stewart Butterfield, mmoja wa walioanzisha Flickr, tovuti ya kuwekea picha. Ulikuwa mchezo wa kijamii kama wenu: hakuna kupigana, watu wanapanda miti, wanapika, wanasaidiana, wanachekeshana. Waliokuwa ndani waliupenda kwa moyo wote. Miezi miwili baadaye waliurudisha kwenye majaribio, na Desemba 9, 2012 wakaufunga kabisa, kwa sababu waliokuja na kubaki hawakutosha kuulisha. Tena ulijengwa kwa Flash, programu ya Adobe ya kuendeshea michezo ndani ya kivinjari, wakati ambapo simu zilikuwa zimeshaanza kuikataa Flash. Adobe yenyewe iliizika mwishoni mwa 2020. Kifaa cha mawasiliano ambacho timu hiyo ilijitengenezea kwa kazi zake za ndani ndicho kilichogeuka kuwa Slack, kwa hiyo msiwaonee huruma sana. Nanyi mmeepuka kosa la Flash, mnatumia vitu vilivyo wazi vya kivinjari. La pili, la mchezo kukosa watu wa kutosha ndani yake, bado mko katikati yake.

Nami nililifanya. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye timu ya mchezo wa karata wa mtandaoni, kampuni siitaji. Tulifungua saa ishirini na nne, siku saba. Tulijivunia kwamba seva haizimiki. Watu walikuja, wengi tu, lakini kila mmoja alikuja kwa saa yake, akakuta meza tupu, akangoja dakika tatu, akaondoka. Na aliyefuata akakuta meza tupu iliyoachwa na yule aliyeondoka. Baada ya miezi minne tulikuwa na mchezo usiozimika na usio na mtu.

Hesabu yake ni hii, iandikeni ukutani. Tuseme mmepata watu 300 kwa siku, na kila mmoja anakaa dakika 10. Ni dakika 3,000. Siku ina dakika 1,440. Gawanyeni: kwa wastani, wakati wowote mtu akiingia, anakuta watu wawili katika mtaa mzima. Wawili! Na mtaa wenu una mabaraza sita. Sasa chukueni watu walewale 300, dakika zilezile 10, lakini mlango uwe wazi saa mbili tu kwa usiku. Dakika 120. Anayeingia anakuta watu 25. Hamkuongeza hata mchezaji mmoja, mmebana saa tu.

Nyinyi mna bahati ambayo Glitch hawakuwa nayo, maana baraza mnalolichora lina saa zake tayari. Nani hukaa barazani saa nne asubuhi? Watu wako sokoni Kongowea, wako bandarini, wako darasani. Baraza huanza baada ya Isha, na Ramadhani huanza baada ya tarawehe, watu wakitoka msikitini miguu mizito na tumbo limetulia, mmoja anatoa ubao wa keramu, mwingine dhumna, wengine hawachezi kabisa, wamekuja kuwakosoa wanaocheza. Fungueni saa tatu u nusu usiku, fungeni saa sita. Mchana anayeingia aukute mtaa umefungwa, milango ya kuchongwa imetiwa komeo, na kibao kinachosema saa ya kufunguliwa na majina ya waliokaa jana. Atarudi. Anayekuta mlango umefungwa hudhani kuna kitu ndani, na anayekuta uwanja mtupu anajua hakuna.

Na punguzeni mtaa. Mabaraza sita ni mengi. Anzeni na moja. Likijaa watu ishirini na watano, la pili lifunguke lenyewe jirani, na watu waone kwamba kule nako kuna kelele. Hii inawapunguzia hata mzigo wa seva: anayekaa baraza hili hana haja ya kupelekewa nyendo za baraza lile.

Sasa jambo ambalo lingenikosesha usingizi kama mchezo ungekuwa wangu: watoto. Msiniambie “ni kwa watu wazima”. Ramadhani watoto wa Mombasa hawalali mapema, na mmechora mtaa wenye rangi, paka na mahamri. Watakuja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto, na mtoto kwa sheria zetu ni aliye chini ya miaka 18. Njia nyepesi ni kutokusanya kabisa: hakuna namba ya simu, hakuna picha, hakuna mahali alipo. Anayetaka kuhifadhi mhusika wake ndipo aulizwe umri, na aliye mtoto aletewe mlango wa mzazi.

Mazungumzo yao ni habari nyingine. Club Penguin, mchezo wa kivinjari uliofunguliwa Kanada mwaka 2005, ulikuwa na namna ya kuongea ambapo mtoto anachagua sentensi zilizoandikwa tayari, hawezi kuandika zake. Habbo ya Finland, iliyokuwa na vyumba vya soga vya vijana, mwaka 2012 ililazimika kunyamazisha mazungumzo yote baada ya televisheni ya Channel 4 ya Uingereza kuonyesha mambo machafu waliyokuwa wakiambiwa watoto humo. Wote walinyamazishwa, wema na wabaya. Kwa hiyo anayeingia kama mgeni aanze na sentensi tayari, na hizo zitungeni kwa Kiswahili cha kwetu, ziwe na utamu: “Umenifunga, haki yako”, “Ngoja nimalize kikombe”, “Hiyo kete uliitoa wapi?” Kuandika kwa uhuru kuje baada ya siku kadhaa za kuonekana.

Na kichujio cha matusi mlichochomeka, kilichotengenezwa kwa Kiingereza na kuongezewa orodha ya maneno ya Kiswahili, kiondoeni kabla hakijawaaibisha. Niliandika “nimeombwa nicheze”, kikaniwekea nyota katikati ya neno, kwa sababu ndani ya “ombwa” kimemwona mbwa. Wimbo ulioimbwa, binadamu aliyeumbwa, wote wametiwa nyota. Lugha yetu hubandika vipande mbele na nyuma ya mzizi, kwa hiyo kutafuta herufi zinazofanana tu ni kujitafutia balaa. Lazima neno livuliwe viambishi kwanza, mzizi utazamwe.

Hata hivyo kichujio bora kabisa hakitawasaidia kwa tatizo la Mombasa. Hapa mtu mwenye adabu hatukani. Anatupa fumbo. Mtu anayeweza kununua leso nzima kwa ajili ya maneno ya ukingoni, aivae apite mbele ya mlango wa jirani, atashindwa na mashine yenu? Ataandika “habari za safari ya juzi?” na baraza zima litanyamaza, kwa sababu wote wanajua safari ipi. Hilo linahitaji mtu. Kila usiku baraza liwe na mwenyeji, mmoja wenu au mtu mzima mnayemwamini, avae kofia inayotambulika, na awe na uwezo wa mambo matatu: kumnyamazisha mtu kwa dakika kumi, kumtoa hadi kesho, na kusoma yaliyoandikwa dakika tano kabla ya malalamiko. Saa mbili na nusu kwa usiku mtu mmoja anaziweza. Saa ishirini na nne hamziwezi hata mkiwa kumi, na hiyo ni sababu nyingine ya kufunga mlango.

Pesa, kwa ufupi, maana mwezi wa kwanza msiuze kitu. Mkianza, uzeni kanzu, vikoi, leso, mapambo. Sarafu zinunuliwe kwa M-Pesa lakini zisirudi kamwe kuwa pesa, wala zisiwekwe mezani. Zikiwekwa mezani na kuweza kurudi, hapo karata zenu ni kamari, mtahitaji leseni, na imamu wa mtaa wenu mtamweleza nini? Kwa upande wa ufundi: ombi la PIN likitokea kwenye simu ya mnunuzi halimaanishi amelipa. Toeni kanzu pale tu seva yenu inapopokea jibu la malipo, na kila namba ya muamala ihesabiwe mara moja, kwa sababu jibu hilo huweza kuchelewa au kuja mara mbili.

Mpangilio wangu ungekuwa huu. Wiki hii zifichueni kete za dhumna kwa mwenyewe tu na mtoe ile orodha ya kofia kwenye kila ujumbe. Rajabu hamieni Nairobi. Shaabani fungueni Alhamisi usiku tu, kwa muda uleule wa saa mbili na nusu, kwa jamaa walewale arobaini na kila mmoja aje na mwenzake, wakiwemo wawili watatu wanaokaa ng’ambo ya Likoni ili mwone kukatika kwa macho yenu. Mkiona kuna Alhamisi watu wanagoma kuondoka saa sita, basi Ramadhani fungueni kila siku. Mkiona wanasinzia, ahirisheni hadi mwaka ujao, mchezo hauozi.

Alhamisi ya kwanza nitaingia, kanzu ileile, simu ileile yenye ufa. Sitacheza dhumna. Anayejua kunamua, yaani kuingiza kete za akiba mwanzoni mwa bao, anikalie mbele, na asinipe bao la kujifunza.